Rafu Isiyoingia Chupa

Siku hiyo Pua alitoka kazini saa nane mchana akiwa na chupa tupu mkobani na furaha asiyokuwa na mahali pa kuiweka. Usimcheke kwa jina lake. Mama yake alimpa jina zuri tu, la bibi mzaa baba, lakini miaka minane ya kumimina mvinyo katika mkahawa wa hoteli ilikuwa imelifuta. Wenzake walimwita Pua kwa sababu alikuwa akinusa glasi mara moja anakuambia kama kizibo kimeoza, kama chupa ilikaa juani, na kama mpishi aliyepita nyuma yake amevuta sigara aliyoapa ameiacha. Wageni nao wakalidaka jina hilohilo. Hata Fundi, mchumba wake, alimwita hivyo, ila yeye aliongeza neno moja. Alimwita Pua yangu.

Ile chupa tupu alikuwa anampelekea Fundi apimie. Ilikuwa chupa ya mabega mapana, aina ambayo hawakuipima mwanzoni, naye aliogopa isije ikakwama kwenye rafu. Maana rafu za duka la mvinyo si rafu za duka la sabuni. Chupa ya mvinyo hulazwa, ili mvinyo ukilowanishe kizibo. Kizibo kikikauka hewa huingia, na hewa ikishaingia umebaki na siki. Somo hilo Pua alimpa Fundi mwaka mmoja uliopita, wamekaa juu ya rundo la mbao wanakula karanga, na Fundi akalishika kuliko alivyowahi kushika somo lolote shuleni. Akachora visanduku vya kuinama kidogo, kila chupa na kitanda chake. Akasema chupa za Pua zitalala vizuri kuliko yeye mwenyewe anavyolala, na Pua akampenda upya palepale.

Duka lilikuwa ndoto, lakini ndoto yenye anwani. Kilikuwa chumba cha kona, mtaa wa tatu kutoka nyumbani kwao, zamani kilikuwa cha kinyozi. Mwenye nyumba alikuwa mjane mmoja aliyeitwa Bi Funguo kwa sababu ya kitita cha funguo alichojifunga kiunoni, ukamsikia kabla hujamwona. Huyu alikuwa na utaratibu wake mwenyewe. Hapokei arubuni, hapokei barua, anapokea neno. Ukimpa neno lako kwamba chumba unakitaka, atakushikia miezi mingapi sijui, na anayekuja na bahasha nono atamfungia mlango. Ukilirudisha neno lako, anampa mwingine siku hiyohiyo. Pua alimpa neno mwezi wa pili. Akarudi nyumbani akicheka peke yake barabarani hadi watu wakamgeukia.

Alikuwa na daftari la jalada jekundu. Kila mvinyo alioonja hotelini kwa miaka minane aliuandika humo, si kwa maneno yale ya vitabu vya hoteli, bali kwa watu wa mtaani. Huu ni wa mwalimu wa hesabu anayekula peke yake. Huu ni wa mke na mume waliogombana na kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Huu ni wa yule anayeapa hapendi mvinyo. Na ukurasa wa mwisho kabisa aliandika sentensi moja tu, akaipigia mstari mara mbili: muuzaji ana haki ya kusema leo hapana.

Tatizo la chumba cha kona lilikuwa ukuta wa nyuma. Ulikuwa umefura katikati, na kando yake lilipita bomba la maji. Rafu iliyonyooka isingekaa. Basi Jumapili moja nzima wao wawili walikata kadibodi, wakaibandika ukutani, wakaikata tena, hadi wakapata kigezo kilichofuata kila bonde na kila kilima cha ukuta ule, pamoja na pengo la kupitishia bomba. Fundi akaupa ukuta jina, akauita Kitambi. Jioni walipomaliza walikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na Fundi akamwambia Pua kwamba akipewa kuchagua kati ya ukumbi wa kifahari na chumba hiki, angemwoa humu humu, Kitambi akiwa shahidi.

Kumwoa ndiko kulikokuwa na shughuli. Mama yake Pua alikuwa amekataa posa mara mbili. Hakuwa na ubaya na Fundi, kijana mwenye kazi ya mikono na adabu zake. Ubaya ulikuwa duka. Alisema katika nyumba hii chupa imeshamzika mwanamume mmoja, haitamwoza binti. Halafu wiki tatu zilizopita, posa ikaja mara ya tatu, na mama akakubali. Akasema sawa, akafuta mikono, akarudi kwenye cherehani. Pua alilia kwa furaha hadi kwikwi zikamshika. Hakuuliza kulikoni. Ni nani mwenye kiu ya miaka miwili akapewa maji, akaanza kuuliza yamechotwa wapi?

Basi ndivyo alivyofika karakana siku hiyo, moyo mweupe. Fundi hakuwepo. Jirani yake, mchomeleaji wa mageti, alimwambia kwamba amepeleka mzigo kwa mteja na atarudi sasa hivi. Pua akaingia, akakaa juu ya kigoda, akavuta harufu ya mbao mbichi na gundi. Ilikuwa harufu ya Fundi mwenyewe, ile anayobaki nayo kwenye kola ya gauni kila wakiagana. Alipoinua macho akaona, chini ya shuka kuukuu, kitu kirefu kimeegemezwa ukutani.

Akalifunua shuka. Rafu. Na mgongo wake ulikuwa umechongwa kwa mpindo: bonde dogo, kisha tumbo, kisha pengo la bomba.

Alijishika mdomo. Kumbe amemtangulia. Kumbe siku zile zote anazomwambia kwamba Bi Funguo amesafiri na funguo ameondoka nazo, kwamba asihangaike kwenda kule, alikuwa anamwandalia jambo. Pua akatoa chupa mkobani, akaisimamisha kwenye rafu ya kati, ile waliyopanga iwe ya chupa za kuonyeshea, ili aione imekaa.

Haikuingia. Shingo iligonga ubao wa juu.

Akatabasamu. Mwanamume mzima, fundi wa miaka kumi na miwili, na umekosea kipimo. Akailaza. Chupa ikabiringika kutoka kushoto hadi kulia, hakuna kisanduku, hakuna kitanda, na ingedondoka sakafuni kama asingeiwahi. Hapo tabasamu likaanza kumtoka. Akapima kwa mkono. Kutoka ubao hadi ubao ilikuwa shubiri moja, haizidi. Na kila ubao uliinamia mbele kidogo, kama vile cha kuwekwa hapo kilitakiwa kionekane na mpita njia.

Fundi hakuwa mtu wa kukosea kipimo. Alikuwa na kanuni moja, na karakana nzima iliijua: hapimi kwa maneno. Mteja wa kabati la vyombo alete sahani. Mteja wa meza ya mtoto amlete mtoto. Ndiyo maana kwa mwaka mzima palikuwa na chupa ya Pua kwenye kona ya meza yake ya kazi, kando ya randa, na kila aliyeingia akamtania kwamba siku hizi anakunywa kazini. Pua akageuka kuitazama kona ile.

Chupa haikuwepo. Palikuwa na kiatu. Kiatu kimoja cha mtoto, chekundu, cha mguu wa kushoto, chenye kifungo pembeni. Ndani yake Fundi alikuwa ameweka penseli.

Akakaa. Hakuna aliyemweleza kitu, lakini mwili huwa unajua kabla ya kichwa.

Fundi alirudi akipiga mluzi. Alipomwona akafurahi, na hilo ndilo Pua alilokuja kulikumbuka baadaye kwa uchungu, kwamba alifurahi kweli. Macho yake yalimwangukia kwanza yeye, yakakaa hapo kwa ile namna yake ya kumtazama inayomfanya mtu ajione mzuri hata akiwa na sare ya kazi, na ndipo yakaenda kwenye shuka lililokuwa sakafuni.

"Hii ni ya nani?" Pua akauliza.

"Ya mteja."

"Mteja gani?"

"Mama mmoja. Anafungua duka la viatu vya watoto."

"Wapi?"

Fundi akatoa penseli sikioni, akaigeuzageuza. "Upande wa kule sokoni."

Pua akainuka. Kigezo cha kadibodi kilikuwa kimetundikwa msumarini, palepale walipokitundika wao wawili. Akakitoa, akakiweka kwenye mgongo wa rafu. Kikakaa. Hata uwazi wa kupitisha wembe haukuwepo.

"Na huko sokoni kuna ukuta wenye kitambi kama huu?" akauliza. "Na bomba linapita mahali palepale?"

Nje, mchomeleaji alikuwa anagonga chuma. Fundi alisubiri amalize, kana kwamba jibu lake lingehitaji kimya.

"Pua yangu, kaa nikueleze."

"Nimekaa vya kutosha. Nieleze."

Akamweleza. Maneno yalimtoka kwa shida, na mikono muda wote ikisugua ubao ambao haukuwa na haja ya kusuguliwa. Baada ya posa ya pili kukataliwa, mama yake Pua alimwita. Alimwita peke yake, siku ya kazi, Pua akiwa hotelini, akamkalisha mbele ya cherehani. Hakumfokea. Alimsimulia habari za marehemu mumewe kwa saa nzima, mambo ambayo hata Pua pengine hayajui. Kisha akamwambia kwamba akimtaka binti yake, atampata, na kwa mikono miwili. Ila duka life. Na life kimyakimya, binti asijue limeuawa na nani, aone tu kwamba chumba kimekwenda kwa mwingine, kama vyumba vinavyokwenda.

"Akakuambia uchague."

"Ndiyo."

"Ukachagua nini?"

"Nilikuchagua wewe."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Pua akamtazama, akaona kwamba anaamini anachosema, na hilo likamuuma kuliko uongo wa sokoni.

"Mimi sikuwemo kwenye mizani," akasema. "Upande mmoja palikuwa na duka langu, upande wa pili harusi yako. Mimi nilikuwa hotelini namimina."

"Ningefanyaje? Alikuwa amekataa mara mbili. Ningekukosa."

"Ungekuja jioni ile ukaniambia, mama yako ameniita, amesema hivi na hivi. Ni sentensi moja."

"Ungegombana naye."

"Ningegombana naye. Ni mama yangu. Tumegombana tangu nina meno ya utoto, na tungepatana." Akakiondoa kigezo kwenye rafu. "Bi Funguo ulimwambia nini?"

Fundi mwenyewe alijua kwamba ya mama yana utetezi, lakini hili halina.

"Nilimwambia umebadili mawazo."

"Nani amebadili?"

"Wewe. Akaniuliza kama ni wewe uliyenituma."

"Ukamjibu?"

"Nikasema ndiyo."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Pua alikuwa amekisikia tangu utotoni bila kukihisi. Sasa alikihisi. Neno lake, lile alilompa Bi Funguo mwezi wa pili akarudi nyumbani akicheka barabarani, lilikuwa limerudishwa kwa kinywa kingine. Na mjane wa watu, mtu wa kanuni, siku zote hizi atakuwa akimhesabu miongoni mwa wanawake wasiosimamia wanachokisema.

Fundi akaanza kusihi. Akasema ni chumba tu, vyumba viko vingi. Akasema mpango wake ulikuwa waoane kwanza, kisha, mwaka ukipita, watafute kona nyingine, maana Pua akishakuwa kwake, mama atakuwa hana usemi tena.

"Kwa hiyo mama ulimwahidi kwamba halitafunguliwa kamwe," Pua akasema, "na moyoni ukasema mwakani."

"Kwa ajili yako."

"Na yeye pia umemdanganya. Mlikubaliana kunidanganya mimi, halafu ukamdanganya mwenzako."

Pua akaweka mkono juu ya rafu. Ilikuwa kazi safi, hakuna ambaye angelikana hilo.

"Na hizi mbao ni zilezile zetu."

"Zilikuwa zimeshakatwa," Fundi akasema polepole. "Yule mama wa viatu alipokodi, Bi Funguo akamleta kwangu, maana alijua nina kipimo cha ukuta. Mgongo ulikuwa tayari. Kazi yote ile ya Jumapili. Ningezitupa?"

Ni fundi tu anayeweza kusema neno kama hilo na asione alichokisema. Mwanamume mwingine angeficha uhaini wake mbali, mtaa wa saba. Huyu alishindwa kutupa mbao nzuri. Pua angeweza, siku moja, kumsamehe hofu, kwa kuwa hofu ya kumkosa mtu ni sehemu ya kumpenda. Lakini alimwona akilini, siku baada ya siku, akiitoa chupa yake mezani na kuweka kiatu, akizing'oa zile sehemu za kulazia chupa moja moja, akipiga mluzi. Na jioni anakuja kwao, anakaa naye mlangoni, anamshika mkono, anamuuliza siku ilikuwaje.

Akatia chupa tupu mkobani. Fundi akamshika kiwiko, si kwa nguvu. Mkono ule aliujua, kila kovu la patasi alijua limepatikana lini. Alitaka sana kuulalia. Sitakuficha hilo, maana watu hudhani aliyesalitiwa huacha kupenda papo hapo, kama taa inavyozimwa. Alimpenda vilevile, na alijitoa mkononi mwake akimpenda, na akatoka nje akimpenda hivyohivyo.

Nyumbani alimkuta mama kwenye cherehani. Chini ya sindano palikuwa na kitambaa cheupe. Lilikuwa gauni la Pua, la harusi, na mama alikuwa anakunja upindo kwa vidole vilivyokuwa vimeshona mapazia ya nusu ya mtaa ili binti asome. Aliinua uso, akasoma kilichokuwa usoni mwa mwanawe, akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Amekuambia," akasema.

"Nimejionea."

Mama akachomoa pini moja moja kutoka mdomoni, akazichomeka kwenye kifuko chake. Hakukana. Mama hakuwa mtu wa kukana. Alisema kwamba angefanya tena kesho, na kesho kutwa. Alisema kwamba mwanamke aliyemvua mumewe viatu vyenye matapishi kwa miaka kumi na moja hahitaji kufundishwa na mtu chupa ni kitu gani. Heri binti amchukie akiwa salama kuliko ampende akiwa anauza sumu mlangoni.

Pua alikaa kwenye mkeka, miguuni pa cherehani, mahali alipokuwa akikaa akiwa mdogo kuokota vipande.

"Mama, unakumbuka ulivyokuwa ukiniweka mlangoni?"

Mama akakiweka kando kifuko cha pini.

"Baba akiingia, unanituma nikamkumbatie. Nimnuse. Nikirudi nikikuambia leo kidogo, unapakua chakula. Nikikuambia leo sana, unatufungia chumbani. Nilikuwa na miaka sita."

"Nilidhani umesahau."

"Watu wanasema pua hii nilifundishwa hotelini. Nilifundishwa pale mlangoni."

Mama akashika gauni kwa mikono miwili, akaliweka mapajani, akalinyoosha mahali ambapo halikuwa limekunjamana. Pua akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia, kwa sababu jambo hili alikuwa amelibeba miaka mingi bila kupata wa kumwambia. Akamweleza kwamba hotelini yeye anamimina tu. Mgeni akilewa anapakiwa kwenye gari na hakuna anayejua kwake kuna mtoto gani mlangoni. Baba naye alinunua hivyohivyo, kwa mtu asiyejua hata jina la mkewe. Duka la mtaani lingekuwa kitu kingine. Angewajua. Angejua mshahara umetoka lini na nani amefiwa. Angeweza kumwambia mtu leo hapana, nenda nyumbani, mkeo amepakua.

"Angekwenda kununua kwingine," mama akasema.

"Angekwenda. Labda hata baba angekwenda. Lakini angalau mtu mmoja angekuwa amemwambia."

Mama alijifuta jicho kwa kiganja, upesi, kama anayefukuza nzi. Pua alimwonea huruma. Alimwonea huruma, na hasira haikupungua hata chembe, maana vitu hivyo viwili hukaa pamoja katika moyo mmoja bila kusukumana.

"Nilikuwa nakulinda," mama akasema.

"Ungenikatalia usoni, kama mara mbili za kwanza. Hapana yako nimeizoea, mama, nimekua nayo. Ndiyo yako ndiyo iliyoniumiza. Nilikulilia kifuani siku ile. Nilikushukuru. Ukaniacha nikushukuru."



Hodi ikapigwa. Alikuwa Fundi, amekuja mbio, maranda bado nyweleni, na kile kigezo cha kadibodi mkononi, sijui alikibeba wa nini. Mama akamkaribisha kwa sauti hafifu, mwanangu, pita. Akapita, akasimama katikati ya sebule. Akasema kwamba amefikiri njiani. Ataenda kwa Bi Funguo sasa hivi, atakiri kwamba alisema uongo, ataomba neno lirudishwe. Yule mama wa viatu hajaingiza hata kiatu kimoja. Bado inawezekana.

Pua akamsikiliza hadi mwisho. Kwa kitambo kifupi moyo wake ulinyanyuka, akaiona kona yake, taa ikiwaka, chupa zimelala kila moja na kitanda chake.

"Na yule mama wa viatu?" akauliza. "Ametoa neno lake, amepewa la Bi Funguo. Tumfanyeje? Tukamwambie Bi Funguo kwamba naye amebadili mawazo?"

Fundi akakigeuzageuza kigezo mikononi.

"Kwa Bi Funguo nitakwenda mwenyewe," Pua akasema. "Si kwa ajili ya chumba. Nataka tu ajue kwamba sikukutuma."

"Pua yangu, nisamehe. Nakupenda."

"Najua unanipenda. Sijasema hunipendi."

Akasimama. Akachukua gauni mapajani mwa mama, akalikunja taratibu, mikono ndani, upindo juu, kama alivyofundishwa katika nyumba hii kukunja nguo ya mteja ambayo bado haijalipiwa. Akaliweka juu ya cherehani. Akamgeukia Fundi, akamtazama machoni, kwa muda mrefu, hadi yeye akainamisha uso.

"Kuna kazi moja imebaki," akamwambia. "Mwambie mama nimebadili mawazo."

"Usinifanyie hivi."

"Unajua linavyosemwa. Ulishalisema vizuri mara moja."

Fundi alimgeukia mama mkwe wake, au aliyekuwa karibu kuwa mama mkwe wake, akiwa ameikumbatia kadibodi ile kifuani.

"Mama," akasema, "amebadili mawazo."

Mama alimtazama bintiye, akalitazama gauni lililokunjwa, kisha akamrudia kijana. Hakujua maneno ambayo Bi Funguo aliyatumia, hakuwepo. Lakini mtu mzima akiletewa ujumbe mzito kwa kinywa cha mwingine, huuliza swali lilelile.

"Ni yeye aliyekutuma?"

"Ndiyo," Fundi akasema, na safari hii ilikuwa kweli.